Mgonjwa Aliyeitwa NIL

Mwanangu Feruzi alilala amesimama, randa mkononi. Ndivyo ilivyoanza, na watu walicheka.

Alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu hapa Kisangani, mabati juu na kuta hakuna. Mteja aliyekuja kuulizia mlango wake alimkuta kifua kimeegemea ubao, macho yamefungwa, vumbi la mbao limejaa puani wala hapigi chafya.

"Mama Feruzi!" akaniita. "Njoo uone, mutoto wako anaoa ubao!"

"Amechoka," nikasema.

"Amelewa."

"Feruzi hanywi pombe, papa. Sisi ni Waislamu."

"Basi Mungu amusamehe, maana kulewa bila kunywa ni hasara."

Nilicheka na mimi, wajukuu zangu, kwa nini niwafiche. Lakini kicheko kilikwisha upesi. Mchana Feruzi alilala juu ya sahani ya pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, tonge shavuni. Usiku alizunguka uani akifungua na kufunga milango aliyowatengenezea watu. Yeye aliyekuwa hapandishi sauti hata akijigonga kidole kwa nyundo, akaanza kumpiga mkewe. Mke akachukua watoto akarudi kwao, na sikumlaumu. Shingoni mwa Feruzi, nyuma, tezi zilikuwa zimevimba kama kunde chini ya ngozi.

Alikuwa ameupata ugonjwa huo huko mto Lomami, alikokwenda kununua mbao. Huko mbung'o ndio wenye nyumba, watu ni wageni tu.

Binti yangu Kadidja ndiye aliyesema neno lenyewe. Alimgusa kaka yake shingoni, akanitazama, akasema, "Mama, hii ni malale."

Yeye alijua, kwa kuwa alifanya kazi kwenye mradi wa malale kule Makiso, nyumba ndefu yenye chumba cha wagonjwa nyuma na chumba cha mashine mbele. Tulimpeleka Feruzi siku ileile, tumemshika huku na huku kama bwana harusi anayekataa kwenda. Mkuu wa mradi alimchoma sindano ya mgongoni, akatazama yale maji kwenye darubini, akavua miwani.

Mkuu huyo tulimwita Zacharie. Kwenye karatasi alikuwa na jina jingine, la mababu, maana serikali ya Zaire ilikataza majina ya kizungu. Lakini jina la karatasi hukaa kwenye karatasi; hata wagonjwa nitawataja kwa majina tuliyowaita. Alikuwa muuguzi wa zamani, mtu wa tumbo kubwa na mikono myepesi.

"Mama," akaniambia, "imeingia kichwani."

"Dawa iko?"

"Iko. Lakini haiko hapa."

Dawa ya malale iliyofika kichwani haikuwekwa Kisangani. Ilitoka Kinshasa, tena kwa majina: jina moja, katoni moja. Na sababu yake ni hii. Wakati ule nchi ilijaa watu wasiokuwepo. Walikuwepo askari wasiokuwepo na walimu wasiokuwepo, wote wana majina na wote wanakula mshahara. Tuliwaita fictifs. Basi Kinshasa iliogopa na wagonjwa wasiokuwepo, ambao dawa zao zingeishia sokoni. Kila mgonjwa ilibidi aandikwe jina, kijiji na kilo zake. Orodha ikiwa na mtu mmoja wa shaka, orodha nzima ilifungwa.

Na orodha hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Kadidja.

Mashine yao ilikuwa na kioo kama televisheni ndogo, na herufi za kijani. Aliyeileta alikuwa mzungu mmoja wa ushirikiano, aliyetumwa na nchi yake kutusaidia, Alphonse, mtu mwembamba aliyependa chikwangue, ule mkate wetu wa muhogo, kupita sisi. Aliifundisha mashine kwa lugha inayoitwa Lisp, akamfundisha Kadidja, kisha muda wake ukaisha akarudi kwao. Kadidja alinieleza lugha hiyo siku nilipompelekea chakula, na mimi niliyeishia shule ya msingi nilielewa, kwa hiyo na ninyi mtaelewa.

"Mama, katika Lisp kila kitu kiko ndani ya mabano. Mugonjwa mumoja ni mabano: jina, kijiji, kilo. Wagonjwa wote ni mabano makubwa yenye kubeba mabano madogo."

"Kama chungu chenye vikombe ndani."

"Voilà. Lakini mashine ya Kinshasa haijui mabano. Yenyewe inataka majina kwa mustari, na point-virgule kati ya mugonjwa na mugonjwa."

Point-virgule ni ile nukta yenye mkia chini yake. Mashine ya Kadidja ilivua mabano yote, ikaweka alama hiyo kati ya mtu na mtu, na ikifika kwa mtu wa mwisho ilinyamaza, haikuweka kitu nyuma yake. Nikamwambia, "Hiyo ni kama mimi nilipowalaza ninyi kwenye mkeka mmoja. Niliweka nguo iliyokunjwa kati ya mtoto na mtoto ili msipigane. Nyuma ya wa mwisho sikuweka nguo, kwa sababu hapakuwa na wa kupigana naye."

"Ni hivyo hivyo, mama. Ukiweka point-virgule nyuma ya wa mwisho, Kinshasa itafikiri kuna mwingine anakuja."

Hapo sasa nisimame kidogo niwaambie desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa maafa.

Ukoo wetu ulitoka Maniema. Kwetu mtu akitaja majina ya watu, hamalizii kwa mtu. Baba yangu akiomba dua alitaja: Asumani, na Binti, na Kadidja, na anayekuja. Kila mara aliongeza huyo: na anayekuja. Hata tulipoitwa kula. Anayekuja ni nani? Hakuna. Ni nafasi tu. Wazee walisema jina la mwisho linasimama mlangoni, mgongo wazi, na kifo kikipita barabarani ndilo kinaloliona. Basi humweki mwanao mlangoni. Unamwekea mtu nyuma, hata kama mtu huyo ni hewa.

Aliyoyafanya Kadidja niliyajua baadaye, lakini nawaambia sasa ili msitembee gizani.

Orodha ilikwenda kwa zamu ya kufika. Feruzi alifika wa mwisho. Kadidja aliandika mabano ya kaka yake: jina, kijiji, kilo. Halafu akatazama kioo, na jina la kaka yake lilikuwa kule mkiani, limesimama mlangoni. Mkono wake haukukubali. Akamwekea nyuma anayekuja: akafungua bano, akafunga bano, ndani hakuna kitu. Mabano matupu. Alijiambia kuwa kitu kitupu kitapita kama pumzi. Kuchapa kwenye karatasi ili kukagua hakukuwezekana, maana utepe wa wino wa mashine ya kuchapia ulikuwa umekauka tangu zamani na mpya haukuletwa. Kwenye kioo mstari ulikuwa mrefu, mkia wake haukuonekana. Akanakili kwenye disketi, ndege ikaondoka nayo.

Nasi tukakaa kungoja.

Feruzi alilazwa kwenye chumba cha nyuma. Mkeka wa pembeni yake ulikuwa wa Florentine, muuza chikwangue aliyeletwa na pirogi, yaani mtumbwi, kutoka upande wa chini wa mto, mwanamke mfupi mwenye mdomo kama bunduki. Kwake malale ilikuwa ikija na kuondoka. Akiwa macho alitufanya tucheke hata pasipostahili.

"We seremala!" alimwambia Feruzi. "Ukipona unitengenezee kitanda. Kitanda, wasikia? Usije ukanitengenezea sanduku ukasema ulikuwa umelala."

Feruzi alimtazama tu, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Florentine akanigeukia, "Mama, mutoto wako ni mupole sana. Angekuwa hivi kabla ya kuoa!"

Nilizoea kumtegea vitendawili ili asisinzie. "Kitendawili!"

"Tega, mama, nisikufe bure."

"Nina mgeni. Akiingia, mchana nyumba inalala, usiku nyumba inazunguka."

Alifikiri, kope zikishuka, akazipandisha kwa vidole. "Malale! Aa, mama, unanitegea mimi mwenyewe! Lete kingine. Lete cha chakula."

Nikamletea cha chakula, lakini kabla sijamaliza alikuwa amelala, kidole bado kwenye kope.

Feruzi alizidi kuharibika. Alisahau jina langu. Aliniita "wewe mama wa hapa." Akikataa uji nilimbana mashavu nikamlisha kama mtoto, naye ananing'ata. Niliyemzaa, niliyemkata kitovu kwa mkono wangu kwa sababu mkunga alichelewa, ananing'ata. Nilikwenda nje nikalia nyuma ya pipa la maji, nikapangusa uso, nikarudi. Nilisikiliza kila ndege. Kila iliyopita juu ya mji nilimwambia, "Ni ile, Feruzi, ni ile."

Haikuwa ile.

Siku moja asubuhi Zacharie aliingia kutoka kwenye phonie, ile redio ya kusemezana na Kinshasa, karatasi mkononi, jasho limelowesha mgongoni abacost yake, lile koti la wakubwa wa Zaire. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja chumba cha mashine, nami nikamfuata kwa sababu uso wake ulinitisha.

"Citoyenne Kadidja," akamwita kiserikali, "NIL ni nani?"

Kadidja aliinua kichwa. "Nani?"

"NIL! Mimi ninakuuliza wewe! Kinshasa wanasema kwa liste yetu kuko mugonjwa anaitwa NIL. Hana kijiji. Hana kilo. Mutu gani hana kilo? Hata kuku iko na kilo!"

Nilimwona binti yangu akigeuka majivu. Alielewa kabla Zacharie hajamaliza.

"Wamefunga liste," Zacharie akaendelea. "Yote. Wanasema ni fictif. Wanasema tunauza dawa. Mimi! Miaka yote hii ninachoma watu sindano, sijauza hata pamba! Watanipeleka kwa wanajeshi, unasikia? Sema. Nani alikutuma? Ulipewa nini?"

"Sikupewa kitu, papa directeur."

"Bon. NIL ni nani?"

"Ni hakuna mutu."

"Ndiyo ninasema! Fictif!"

"Hapana, papa. Ni... ni mabano matupu." Akaonyesha kioo kwa kidole. "Kwa Lisp, mabano matupu iko na jina. Mashine ikikuta kitu kitupu hainyamazi. Inaandika NIL. Nilisahau. Alphonse alinifundisha, nami nilisahau."

"Na mabano matupu ilitoka wapi?"

Kadidja alinitazama mimi. Hakuwa ananishitaki, alikuwa anatafuta mahali pa kushika. Akamweleza: kaka yake mkiani, desturi ya nyumbani, anayekuja.

Zacharie aliketi kwenye meza yenyewe, juu ya makaratasi. Nilidhani atampiga. Akasema polepole, "Watu wote hawa wamelala kule nyuma. Dawa ilikuwa imekwisha kufungwa kwa ndege. Wameishusha. Kwa ajili ya mutu ya hewa."

Nawaambia, wajukuu zangu, nimezika mume na nimezika watoto wawili wachanga, lakini sijawahi kusikia kitu kizito kama maneno yale. Na yalisemwa taratibu. Kadidja aliteleza kutoka kwenye kiti akaketi sakafuni, mikono juu ya kichwa kama watu wanavyoketi msibani.

"Inuka," Zacharie akamwambia. "Utalia jioni. Kuko ndege ya mizigo mchana huu, rubani ananijua. Nimeomba Kinshasa kwa phonie, wakasema leteni liste nyingine, safi, watatazama. Watatazama tu, hawakuahidi. Fanya."

Akainuka. Umeme ulikuwa ukikonyeza siku ile, unakuja, unaondoka, na kila ukiondoka mashine ilisahau yote, inabidi kuanza. Kadidja aliita orodha ya zamani aliyobaki nayo kwenye disketi nyingine, giza. Akaiita tena, giza. Mara ya tatu umeme ulikaa. Majina yote yalirudi kwenye kioo, Florentine wa kwanza, Feruzi mwishoni, na nyuma yake yale mabano mawili yanayotazamana kama mikono ya mtu aliyepokonywa mtoto.

Kadidja aliyafuta. Kisha vidole vikasimama.

"Andika, mwanangu," nikasema.

"Mama, yaya Feruzi amebaki mulangoni."

"Ninaona."

"Ninaweza kubadilisha. Nimutoe Feruzi mukiani, nimutie katikati. Mashine haijali zamu."

"Na mkiani utamtia nani?"

Alisoma majina kwa sauti ndogo, mmoja mmoja kutoka chini kwenda juu, na kila mmoja alikuwa mtu aliyelala nyuma ya ukuta ule. Huyu ana mtoto ananyonya. Huyu ni mzee wa watu. Alifika kwa Florentine akaruka haraka.

Zacharie alikuwa mlangoni, ufunguo wa pikipiki mkononi. "Mwaweza kupanga kwa alfabeti," akasema. "Hapo hakuna aliyechagua. Mimi ninaitwa Zacharie. Shuleni, masœur, wale masista wa misheni, walituita kwa alfabeti kila asubuhi, na kila asubuhi mimi wa mwisho. Wa mwisho kwa majina, wa mwisho kwa supu. Kifo kingenitaka, kingenipata na sahani tupu mkononi. Na tazameni tumbo hili."

Ningekuwa na kicheko ningekitoa. Mtu yule alikuwa anaogopa jela, na bado alitutafutia njia.

Lakini alfabeti nayo ingemweka mtu mkiani, na mtu huyo angekuwa wa mama mwingine. Nilijua hivyo, na moyo wangu, nawaambia kweli, ulisema: basi na awe wa mama mwingine. Moyo ulisema hivyo mara moja, wazi, kwa sauti ya baba yangu. Nilisikia Feruzi akikoroma nyuma ya ukuta. Sikuhitaji kumwona. Koromo la mwanangu nalijua kati ya mia.

"Mwache," nikasema.

"Mama..."

"Alifika wa mwisho. Mwache alipofika. Andika, umeme usije ukatukimbia."

"Na nyuma yake?"

"Nyuma yake usiweke kitu."

Akabonyeza. Mashine ikavua mabano, ikapanga watu, alama kati ya mtu na mtu, ikafika kwa Feruzi, ikanyamaza. Safari hii Kadidja aliuburuza mstari mpaka mwisho, akautazama mkia wake herufi kwa herufi. Midomo yangu ilikuwa inataka kusema na anayekuja. Niliibana kwa mkono. Zacharie akaichukua disketi, akaitia ndani ya shati, karibu na ngozi, pikipiki ikalia mpaka barabara kuu.

Kungoja kwa pili kulikuwa kubaya kupita kwa kwanza, kwa sababu sasa tulijua tunangoja kwa nini. Kadidja hakwenda tena nyumbani. Aliwaosha wagonjwa, aliwageuza mikekani, alibeba ndoo za uchafu ambazo hazikuwa kazi yake. Hakula mpaka nimtishie. Mgonjwa yeyote akikohoa yeye alishtuka kama ameitwa mahakamani.

Florentine ndiye aliyemwona. "We mutoto wa mashine," alimwambia siku moja, "mbona unanitazama hivyo kama unanidai? Au mimi ndiye ninakudai?"

Kadidja alikimbia nje. Florentine akaniuliza, "Nimesema nini?" Nikasema, "Hakuna, mama. Lala." Hilo la kumwambia alale lilinitoka bila kufikiri, naye akacheka sana, cheko la mwisho nililolisikia kwake. Kutoka hapo usingizi ulimchukua kabisa. Tulimwita, tulimfinya, tulimmwagia maji. Joto likapanda. Kifua kikaanza kulia kama kikapu kikavu kinachokanyagwa. Zacharie alimpa alichokuwa nacho, ambacho hakikuwa dawa yake.

Alikufa alfajiri, na ndege ilitua saa sita mchana ya siku hiyohiyo.

Katoni zilikuwa ndogo, kila moja na karatasi yenye jina. Zacharie alizipanga juu ya meza ya mashine. Ya kwanza ilikuwa ya Florentine. Aliishika akaitazama, akaigeuza upande wa pili kana kwamba upande ule kungekuwa na jina jingine, akaitia kabatini.

Kadidja aliona. Hakulia. Alisema tu, "Alikuwa wa kwanza." Akasema tena, "Mama, alikuwa wa kwanza." Nikamwambia ashike miguu ya kaka yake, maana Zacharie alikuwa tayari na bomba la sindano la kioo.

Dawa ile, Mungu awaepushe nayo. Inachoma mshipa kama pilipili. Na Zacharie hakutuficha: wengine malale haiwaui, dawa ndiyo huwaua. Tulimshika Feruzi, Kadidja miguuni, mimi kifuani, na sindano ilipoingia alipiga ukelele uliowaamsha hata waliokuwa hawaamki. Akanikamata mkono akaubana mpaka pete ikaniingia nyamani. "Mama!" akalia. "Mama, unaniua! Kadidja, mwambie aache!"

Majina yetu. Alikuwa ametaja majina yetu.

Alichomwa siku baada ya siku, akapumzishwa, akachomwa tena. Mara moja alitetemeka mwili mzima, macho yakageuka meupe, tukamwona amekwenda. Akarudi. Siku moja akaomba uji mwenyewe, akalalamika kwamba hauna sukari, nikatoka nje nikalia palepale nyuma ya pipa.

Ndipo alipokuja Claudine.

Alikuwa dada yake Florentine. Maiti ilikuwa imekwisha kurudishwa kwao kwa pirogi na mjomba wao. Yeye alikuja baada ya maziko, kichwa kimenyolewa, nguo nyeusi, na mgongoni amebeba mtoto mkubwa, miguu ya mtoto inagonga magoti ya mama. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mashine.

"Katoni ya dada yangu iko wapi?"

"Iko kabatini," Zacharie akasema. "Pole sana, mama."

"Iko na jina lake?"

"Iko."

"Munipatie."

"Ya nini, mama? Dada yako..."

Claudine alimfungua mtoto mgongoni akamlaza juu ya meza, katikati ya makaratasi. Mtoto hakuamka. Kichwa kilianguka upande, na shingoni nikaziona zile kunde.

"Huyu ni Désiré," akasema. "Nilimuficha. Niliogopa sindano yenu ya mugongo. Sasa siogopi kitu."

Zacharie aligusa shingo, akafunua kope, akashusha pumzi. "Hayuko kwa liste."

"Ninajua hayuko."

"Nitamuandika kwa liste inayofuata. Itakwenda, itarudi..."

"Dada yangu alikuwa kwa liste," Claudine akasema. "Wa kwanza. Mulimufanyia nini?"

Kadidja akasimama. Nilitaka kumvuta nguo aketi, sikumwahi.

"Dawa ilichelewa kwa sababu yangu," akasema. "Niliandika vibaya, nikitaka kumulinda kaka yangu. Kinshasa wakafunga liste. Ni mimi."

Claudine alimtazama kutoka juu mpaka chini, akatazama na mlango wa chumba cha nyuma ambako Feruzi alikuwa anakohoa, yu hai. Niliona mkono wake ukifunga ngumi. Nikajiweka karibu, si kumzuia, ila kama ni kupigwa basi tupigwe wawili.

"Wewe nitakulilia baadaye," akamwambia. "Leo niko na huyu."

Akamgeukia Zacharie. Zacharie alikuwa akipangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu. Mjue sheria ilivyokuwa: kila katoni ilirudishiwa jibu Kinshasa, jina na habari yake. Aliyekufa bila kutibiwa, katoni yake hurudishwa. Kumpa mtoto dawa ile ilikuwa lazima Florentine aandikwe ametibiwa. Yaani mwanamke aliyezikwa apokee sindano. Fictif kamili, mwenye kijiji na kilo, na sahihi ya Zacharie chini yake. Mtu yuleyule aliyetufokea kwa ajili ya mtu wa hewa.

"Mama Feruzi," akaniambia bila kuniangalia, "chemsha bomba."

Nikachemsha. Alimchoma mtoto ya mgongoni, akatazama darubini, akatikisa kichwa: imeingia. Akampima kilo, akahesabu dawa yake kwa kidole hewani. Claudine alimkumbatia mwanawe. Sindano ilipoingia Désiré alilia sauti nyembamba, ya kukwaruza, na kutoka chumba cha nyuma Feruzi akaita, "Nani anamutesa mutoto?" Nikamjibu, "Tulia, anatibiwa."

Zacharie alinawa mikono. Akamwita Kadidja kwenye mashine. "Andika jibu. Florentine, ametibiwa."

Kadidja aliketi. Aliandika jina, kijiji, kilo. Kwenye neno lile vidole vilikataa. Alijaribu, akavirudisha mapajani.

"Ondoka," Zacharie akamwambia. "Nionyeshe tu pa kufunga bano."

Akaketi yeye, kiti kikalia chini ya uzito wake. Hakuwahi kuandika kwa mashine ile. Alitumia kidole kimoja, akiitafuta kila herufi, akiikuta anaipiga kwa nguvu kama anapigilia msumari, na Claudine amesimama nyuma yake na mtoto begani, akisoma jina la dada yake, na nyuma yake neno ametibiwa likienda mbele kwa herufi za kijani mpaka bano likafungwa.